Jiwe au mninga: utajiri wa nyumba ya ghorofani

Ukinunua nyumba ghorofa ya kumi na mbili Upanga au Masaki leo, neno la kwanza utakaloambiwa na wapambaji ni marumaru. Nasema jiwe lenyewe la kuchimbwa, si vile vigae vya dukani ambavyo sote tumezoea kuviita marumaru. Sakafu nyeupe, kaunta nyeupe, ukuta wa televisheni mweupe. Anayetaka milango ya mninga na kuta za chokaa huambiwa anarudisha nyumba ya bibi. Huyu ndiye naona hasikilizwi vya kutosha.

Wanaolitetea jiwe wana hoja. Ni baridi mguuni kwenye joto la Dar, mchwa hawaliwezi, na mpangaji akifungua mlango akakuta sakafu inang'aa hahitaji kuelezwa kwa nini kodi iko juu.

Lakini twende jikoni. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, na kalsiamu kaboneti huliwa na asidi. Sasa jiko gani la pwani halina ndimu? Ukwaju, embe mbichi, siki ya kachumbari, nyanya: uchachu ndio mapishi yetu. Kwa rafiki yangu mmoja kuna duara pembeni ya sinki, ukubwa wa kitako cha bilauri. Ukisimama huioni. Ukiinama taa ikimulika kwa ubavu, unaiona imefifia kama jicho lenye mtoto wa jicho. Dada wa kazi aliisugua siku tatu akidhani ni doa, na moyoni ana hofu ya kulaumiwa. Si doa hata kidogo. Uso wa jiwe umeliwa, na hakuna sabuni itakayourudisha mpaka fundi aje na mashine ausage na kuung'arisha upya. Ni bilauri moja ya juisi ya ukwaju, iliyoachwa usiku mmoja. Ile dawa ya kuziba vinyweleo inayopakwa juu huzuia mafuta yasipenye, hili hailizuii. Granite ingestahimili, ila mteja anataka ile nyeupe aliyoiona kwenye picha.

Kuna na uzito. Jiwe la unene wa sentimita 2 lina kilo 54 hivi kwa mita moja ya mraba. Sebule ya mita 40 za mraba ni zaidi ya tani 2, bado hujamwaga zege la kunyooshea. Kama mhandisi alilihesabu tangu mwanzo, sawa. Wengi huamua wakiwa wameshakabidhiwa funguo.

Mninga una tabia nyingine. Ukishakauka vizuri hautanuki wala kusinyaa sana, na hilo ni jambo kubwa kwenye nyumba ambayo kiyoyozi kinawashwa usiku, na mchana madirisha yako wazi kwa upepo wa bahari. Ukikwaruzwa, fundi wa Keko anapiga msasa, anapaka vanishi, jioni anaondoka. Chokaa nayo huacha ukuta upumue, na ukungu hauipendi. Nani amewahi kusimama mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba kongwe ya Lamu akaona umaskini?

Hoja inayoniuma ni ya misitu. Mti wa mninga huchukua miongo mingi kufikia kuvunwa, na tukiujaza kwenye kila ghorofa tutakuwa tumeinunua anasa yetu kwa misitu ya miombo ya Tabora na Katavi. Kwa hiyo mimi ningeuweka pale tu mkono unapogusa: mlango wa kuingilia, vishikizo, meza ya chakula. Makabati yawe ya mtiki wa kupandwa, wa Longuza kule Muheza au Mtibwa. Marumaru iende kwenye ukuta wa sebuleni, mbali na ndimu, na kaunta iwe granite, hata kama ni nyeusi.