Vichekesho vya familia na mzee mbaguzi: nani anabaki na neno la mwisho?

Kikundi chochote cha sanaa mkoani Tabora kinachotaka kutunga kichekesho cha familia juu ya mambo mazito, iwe ndoa za utotoni, fedha za tumbaku au jirani mwenye asili ya Burundi, hukutana na swali moja mapema: yule mzee wa nyumba, mwenye mdomo mkali na dharau kwa kila asiyefanana naye, aachwe aseme kama watu wanavyosema kweli mtaani, au apunguzwe makali? Akipunguzwa, wasikilizaji hawamtambui. Akiachwa, upo uwezekano mkubwa wakampenda.

Swali hili lilijaribiwa Marekani hadharani kwa miaka minane. Tarehe 12 Januari 1971 kituo cha CBS kilianza kuonyesha All in the Family, ambayo Norman Lear aliitengeneza kwa kufuata kichekesho cha BBC kiitwacho Till Death Us Do Part. Nyumba ni moja, huko Queens, New York. Archie Bunker anawadharau Weusi, Wayahudi na mwanamke yeyote mwenye msimamo. Mkewe Edith ni mpole na mkweli. Wanaishi na binti yao Gloria na mumewe Michael, mwanafunzi anayekula chakula cha baba mkwe huku akimbishia asubuhi na jioni. Usiku wa kwanza CBS walitanguliza tangazo la kuwaandaa watazamaji kwa watakachokisikia. Baadaye kipindi kikaongoza kwa watazamaji nchini humo kwa misimu 5 mfululizo.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Kabla yake, familia za kwenye televisheni ya Marekani ziligombana juu ya chakula kilichoungua. Archie na wenzake waligombana juu ya vita vya Vietnam, ubaguzi wa rangi, na hata mwanamke kufikia ukomo wa hedhi, na waligombana wakiwa sebuleni, mahali ambapo mabishano hayo hutokea kweli. Hotuba huzimwa redio ikiwa bado inaanza, lakini kichekesho husikilizwa na baba, mama, bibi na watoto kwa pamoja, na kesho yake mtoto ana maneno ya kumjibia mjomba wake. Kwa Tabora faida hii ni kubwa. Takwimu za 2010 ziliutaja mkoa huu kuwa wa pili nchini kwa ndoa za utotoni, nyuma ya Shinyanga, na jambo hilo ni gumu mno kulizungumza mezani mbele ya baba aliyekwisha kuhesabu ng'ombe wa mahari.

Upande wa pili nao hauna hoja za kubeza. Mwaka huohuo wa 1971 mwandishi Laura Z. Hobson alilalamika katika New York Times kwamba Archie amefanywa mbaguzi wa kupendeza, na kwamba matusi mabaya kuliko yote ameondolewa kinywani ili asichukize. Mwaka 1974 Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha utafiti wao juu ya vijana wa Marekani na watu wazima wa Kanada. Wenye ubaguzi mwingi na wenye ubaguzi mdogo walikiona kipindi kuwa cha kuchekesha, ila waliona mambo tofauti. Wenye ubaguzi mwingi walielekea zaidi kumpenda Archie kuliko Michael, na kuona kwamba mwisho wa mabishano Archie ndiye mshindi. Mtunzi aliandika kejeli, wao wakasikia mtu wa kwao anayesema ukweli.

Sababu yake, kwa maoni yangu, iko kwenye ufundi wa uandishi. Chukua Lionel Jefferson, kijana Mweusi wa jirani. Anapoongea na Archie hujifanya kukubaliana naye, akimpa maneno ya kijinga ayameze, na Archie hastuki. Mtazamaji makini anacheka mpaka machozi. Lakini mtazamaji anayefanana na Archie naye hastuki. Jibu limetolewa kwa werevu ambao mlengwa wake hauoni.

Pili, kichekesho cha namna hii hurudi mwanzo kila wiki. Archie akiaibika Jumamosi hii, Jumamosi ijayo yuko palepale kwenye kiti chake, bei yote ya kosa lake imefutwa. Linganisha na mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Dereva wa lori Mkwaju alipewa ucheshi na mvuto wa mtu wa wanawake wengi, lakini hadithi yake haikurudi nyuma: mkewe Tunu alianzisha biashara yake na kumwacha, naye akafa kwa UKIMWI. Hadithi yenyewe ilimwonyesha mtu ajifunze nini.

Sasa, Mnyamwezi ana mizani yake ya kupimia vichekesho vya aina hii, nayo ni utani. Tangu enzi za misafara ya pwani, Mnyamwezi na Mzaramo wanarushiana maneno ambayo mtu mwingine angeyapeleka polisi. Masharti yake yanajulikana: unayemtania yupo, anaruhusiwa kukujibu kwa ukali uleule, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Zaidi ya hapo una wajibu kwake. Mtani anayekejeli marehemu msibani ndiye huyohuyo anayeshughulika na kazi za msiba. Kichekesho ambacho mzee anamkejeli mtu asiyekuwepo, au aliyepo lakini hajaandikiwa jibu, hakijatimiza masharti hayo.

Tuseme kikundi kinatunga kipindi cha redio cha dakika 25 juu ya fedha za tumbaku. Kitalu, kupanda, kuvuna, kulinda usiku kucha moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kuchambua madaraja: kazi hizo mke na watoto wanazibeba kwa sehemu kubwa. Fedha inaingia kwenye akaunti ya mwanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ambaye mara nyingi ni baba, na baadhi ya akina baba huonekana nyumbani fedha zikiisha. Rasimu ya kwanza huwa hivi: baba anasema tumbaku ni mali ya mwanaume, watu wanacheka, kisha binti aliyetoka chuo anatoa maelezo ya sentensi saba juu ya haki za mwanamke. Hapo baba ameshinda. Yeye kapewa kichekesho, binti kapewa semina. Rasimu iliyorekebishwa inaweza kwenda hivi, ofisini kwa AMCOS:

KARANI: Baba Kulwa, msimu huu marobota mangapi?
BABA KULWA: Hayo madogo. Muulize mama Kulwa.
KARANI: Si umesema tumbaku ni yako?
BABA KULWA: Ni yangu, ndiyo. Hesabu ndiyo yake.
MAMA KULWA: Basi karani, fedha iende kwenye hesabu.

Jibu ni fupi, linatoka kwa mtu aliyeumizwa, na msikilizaji mzito kuliko wote analielewa. Baada yake aachiwe karani acheke, kisha tukio likatwe. Baba akiongezewa neno hata moja, ushindi unarudi kwake. Na bei ilipwe ndani ya kipindi hichohicho, kwa sababu msikilizaji wa Sikonge aliyeko shambani wiki ijayo hatasikia marekebisho.

Klipu nazo zina hatari ambayo Lear hakukutana nayo. Mtu atakata sekunde 10 za baba na kuzisambaza WhatsApp bila jibu. Kinga ni kuandika tusi na jibu vikiwa vimefungana, bila muziki wala kimya kirefu katikati, ili anayekata aone kichekesho chenyewe kimekufa.

Kabla ya kurusha, kipindi kisikilizishwe watu kama 10 kwa kila kundi: wanaume peke yao, wanawake peke yao, vijana peke yao. Wakichanganywa, wanawake watamwachia mwenyekiti ajibu. Maswali matatu yanatosha. Nani ameshinda mabishano? Sentensi gani umeikumbuka? Ungependa kukaa nyumba moja na nani? Wanaume wakisema baba ameshinda, usikimbilie kumfuta; tazama jibu la mpinzani wake, mara nyingi ni refu mno au limechelewa. Tazama pia kama huyo mpinzani ana kasoro yoyote. Michael alikuwa mnafiki kwa mkewe huku akihubiri usawa, na hilo ndilo lililomfanya aaminike. Mhusika asiye na doa huchosha, na msikilizaji humkimbilia mwenye madoa.

Kwa jirani mwenye asili ya Burundi, kichekesho kinafaa sana. Makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, yalipokea wakimbizi wa 1972, na mwaka 2014 Tanzania ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa kundi hilo. Huyu jirani ni raia, analima, anasali au anaswali na wewe, na ana mdomo wa kukujibu. Kosa la kuepuka ni kumfanyia mzaha matamshi yake, kwa sababu hapo anayechekwa ni yeye, wala si ubaguzi wa baba Kulwa.

Lakini lipo jambo moja ambalo singempa baba Kulwa hata sentensi moja ya kuchekesha: bibi mwenye macho mekundu. Macho hayo yamechomwa na moshi wa kuni kwa miaka mingi, na Tabora ni kati ya mikoa ambako vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Masharti ya utani hapa hayatimiliki, maana anayetajwa mchawi akijibu, jibu lake linageuzwa ushahidi. Hata Lear alijua kuweka mpaka: katika kipindi cha Oktoba 1977 ambamo Edith anavamiwa nyumbani kwake na mtu anayetaka kumbaka, mvamizi huyo hakuandikiwa ushindi wowote. Anayetaka kucheka kwenye mada hii amwandike mpiga ramli: ada yake inayopanda kadiri mteja anavyoogopa, na kioo chake ambacho kila mara kinamwona mjane mwenye shamba, hakijawahi kumwona mwenyekiti wa kijiji.