Madarasa tumepata, kiwanja je?

Kuna binti mmoja wa kidato cha pili hapa kwetu wilaya ya Mbulu, yuko shule ya kata ambayo jina lake naliacha. Anakimbia mita 1500, peku, na pale shuleni hakuna msichana wa kumfikia, wavulana wenyewe wengi anawaacha. Mwaka huu mwalimu wa michezo akampeleka kwenye mchujo wa UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na mi nilikuwepo kwa sababu nilijitolea kuwabeba baadhi ya watoto. Mtoto kakimbia vizuri sana, yuko wa pili, kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, akafyatuka kama anavyofanya siku zote, akampita wa mbele, sisi huku tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka, alafu zimebaki kama mita 150 miguu ikagoma kabisa. Wakampita watatu. Nilimfuata pale alipokaa chini nikamwambia pole, akanijibu, "Baba, duara la huku ni refu."

Hapo ndo nikaelewa. Kiwanja cha shule yetu ukikizunguka sasa hivi unapata mita 250 tu, mwalimu alikipima mwenyewe kwa futikamba. Kwahiyo 1500 kwetu ni mizunguko sita kamili, na tukigonga ile rimu ya gari tunayotumia kama kengele maana yake zimebaki 250. Kwenye uwanja wa mita 400 ni mizunguko mitatu na robo tatu, kengele inalia bado una 400 nzima mbele yako. Mtoto aliambiwa, anajua hesabu, ila mwili ukishazoea kitu kwa miaka miwili hauulizi hesabu.

Na kiwanja hakikuwa hivyo. Wakati sisi tunasoma pale mpira ulichezwa goli kwa goli na watu wakazunguka nje kufanya mazoezi bila kugusana. Kikaanza kuliwa kidogo kidogo. Elimu bila ada ilipoanza 2016 watoto wakaongezeka, jambo jema, alafu 2021 zikaja zile fedha za UVIKO, trilioni 1.3, nchi nzima yakajengwa madarasa 15,000 na yalitakiwa yawe tayari wanafunzi wakifungua Januari. Mi nilibeba kokoto na maji pale kama wazazi wengine na ningebeba tena, watoto walikuwa wanabanana vibaya mno. Ila muda ulikuwa mfupi, na mtu mwenye haraka anatafuta sehemu iliyo tambarare isiyohitaji greda, na kwenye shule ya mlimani sehemu tambarare ni moja tu, kiwanja. Basi madarasa yakakaa pale pembeni ya goli la juu. Baadae vikafuata vyoo, alafu nyumba ya mwalimu. Hakuna siku tulikaa kikao tukasema tunafuta kiwanja, kila jengo lilikuja na sababu nzuri.

Kilichobaki ndo hicho. Kona moja unapita karibu na choo, kona nyingine kuna lundo la kokoto ambalo sasa limeota nyasi. Shimo la kuruka chini lilikuwa na mchanga mzuri wa mtoni, wakati wa lipu mafundi wakauchota wote na haukurudi, leo wanaotaka kuruka wanaangukia udongo mgumu. Wasichana wa netiboli wana ringi moja ya nondo, ile ya pili nguzo yake iling'olewa kupisha msingi.

Nikiongea haya kuna watu wananiambia acha bwana, watu wa huku wanakimbia milimani, kiwanja cha nini, mbona Akhwari, yule mkimbiaji wa marathoni, alitoka Mbulu hii hii akaenda Olimpiki ya Mexico 1968, mbona Bayi katoka hapo Karatu akavunja rekodi ya dunia ya 1500 kule Christchurch 1974, mbona kina Gabriel Geay na Magdalena Shauri wanatamba kwenye marathoni. Ni kweli, na najivunia sana, Geay alipokuwa wa pili Boston 2023 hapa kwetu tuliongea wiki nzima. Lakini mlima unakupa pumzi, haukufundishi kushika spidi ya mzunguko, kujua mwenzako anakata mbio wapi na wewe usubiri mpaka wapi. Na yule wa mkuki, wa kuruka, wa kupokezana vijiti, wa netiboli, yeye mlima unamsaidia nini? Tunawasifia waliofika juu bila kiwanja wakati walioishia njiani kwa kukosa kiwanja hatuna hata orodha yao.

Arusha kunajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, nafurahi, nitaenda Mungu akipenda. Ila mi ninachoomba kwa shule za kata ni kidogo mno: kiwanja kilichobaki kipimwe, kiwekewe mawe ya mipaka, kiingie kwenye ramani ya shule kama jengo lingine lolote, ili fedha nyingine zikija ghafla fundi akute pale pana mwenyewe.

Na wakati tunasubiri hilo, tumeanza na uwanja wa mnada. Mnada kwetu ni siku chache kwa mwezi, siku zilizobaki pale ni ng'ombe wawili watatu na vumbi, na ni tambarare kweli kweli. Jumamosi iliyopita mwalimu, mi na vijana wanne tumepima duara la mita 400 kwa kamba na vigingi, tukachora kwa majivu. Binti kakimbia mara mbili. Mwalimu kamwambia kengele ikilia asifanye chochote, atulie, mpaka afike usawa wa banda la mwisho la nyama choma, hapo zimebaki 250 zake. Mara ya kwanza akafyatuka mapema tena. Mara ya pili alisubiri banda.