Anayeoga Ziwani Hajakupa Ruhusa ya Kumpiga Picha

Sioni aibu kwa mama anayeoga ziwani jioni akishamaliza kuanua omena, dagaa wa ziwa letu. Aibu naiona kwa kijana aliyesimama kwenye boti ya kutembeza watu, simu juu, akimrekodi. Mambo haya mawili yamechanganywa sana hapa Kisumu, na mwaka huu yamenikera kupita kiasi baada ya video ya namna hiyo kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ilipigwa kutoka majini, kwenye bichi ambayo sitaitaja, maana kuitaja ni kuwaelekezea watu tena wale wale akina mama. Maoni yaliyofuata yaliniuma kuliko video yenyewe. "Kwani hawana bafu?" "Hawa nao wanapenda kujianika." Hakuna aliyeuliza aliyeshika simu ni nani.

Kwa asiyekulia kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, kuoga kwetu kuna mipaka. Wanaume wana upande wao na wanawake wana wao, na katikati huwa pana mafunjo, mawe au kona ya ufuo. Ukishuka njia inayoelekea majini unakohoa, unaimba au unaita kwa sauti, "Kuna watu?" Ukijibiwa "Ngoja!" unasimama papo hapo na kugeuza uso mpaka uambiwe upite. Mtoto wa kiume huoga na mama yake, kisha siku moja anaambiwa, "Wewe sasa nenda kule kwa kina baba," na habari inaishia hapo. Wavuvi wa omena waliokesha na taa zao hurudi alfajiri wakaoga ubavuni mwa boti kabla ya wanunuzi kuwa wengi. Mama akiwahi na karai lake kabla hawajamaliza, hukaa juu kwenye miti akawapa mgongo, na wao hawamharakishi wala yeye hawaharakishi. Haya hayajaandikwa popote, na kizazi baada ya kizazi yametosha kumlinda mtu asiye na nguo mahali pasipo na ukuta wala mlango.

Niliyaona tena mahali ambapo sikuyatarajia kabisa. Nilipokuwa nasoma San Diego, Marekani, wenzangu wa darasani walinipeleka Black's Beach. Ufuo huo uko upande wa La Jolla, chini ya majabali ya Torrey Pines, na chuo kikuu kiko juu yake tu. Majabali yale yanafikia karibu mita 90. Ni ya mchanga ulioshikamana, rangi ya dhahabu inayoingia kwenye kutu, na hubomoka. Januari 2023 kipande kikubwa kiliporomoka mpaka chini, kwa hiyo wenyeji wanakukataza kutandika taulo karibu na ukuta. Unashuka kwa njia ya miguu yenye mteremko wa kutetemesha magoti. Angani wanaelea watu wanaoruka kwa nguvu ya upepo kutoka uwanja wa Torrey Pines, vyombo vyao havina injini wala sauti. Mbele yako ni Pasifiki, maji baridi kweli kwa mtu wa Kisumu, na mawimbi yanayowavuta wateleza mawimbi kutoka mbali. Sijawahi kuona ufuo mzuri kuliko ule.

Upande wa kusini watu wamevaa. Ukienda kaskazini nguo zinaachwa, na hakuna anayekulazimisha uache zako. Nilibaki na gauni langu na leso begani siku nzima na hakuna aliyenisemesha neno. Kulikuwa na wazee waliozeeka pamoja wakisoma magazeti, kikundi kikicheza voliboli, mama akimpaka mwanawe mafuta ya jua. Kijana mmoja, mgeni kama mimi, alitoa simu apige picha ya majabali. Mzee aliyekuwa jirani, hana uzi mwilini, aliinuka akamwendea na kumwambia kwa upole ageuze kamera ielekee baharini, au kwanza awaombe ruhusa wale waliokuwa mbele yake. Watu wengine kadhaa walikuwa wameshainua vichwa wakimtazama. Kijana akaomba radhi, simu ikarudi mfukoni.

Pale pale nilijua adabu ile naifahamu. Kalia taulo lako, usikodolee watu macho, usimfuate mtu aliye peke yake bila kukaribishwa, usipige picha bila idhini. Kwa sehemu kubwa ndiyo adabu ya kuita "Kuna watu?" kabla ya kushuka majini. Wapo wanaodhani ufuo wa watu wasiovaa ni mahali pa kila mtu kufanya atakalo. Kwa niliyoyaona, pana kanuni nyingi kuliko fuo nyingi za watu waliovaa, na zinasimamiwa na waogaji wenyewe.

Historia ya ufuo ule inanivutia pia. Mwaka 1974 baraza la jiji la San Diego liliruhusu rasmi watu kukaa bila nguo katika sehemu yake ya ufuo. Mwaka 1977 wapigakura wa jiji wakaifuta ruhusa hiyo. Sehemu ya kaskazini, iliyo chini ya hifadhi za jimbo la California, ikaendelea na desturi yake. Mwaka 1979 mkurugenzi wa hifadhi hizo, Russell Cahill, aliweka utaratibu kwamba askari wa hifadhi hawatamsumbua mtu asiyevaa mpaka mwananchi mwingine alalamike, na hata hapo mtu huyo ataombwa kwanza avae. Akikataa ndipo anaandikiwa kosa. Utaratibu huo naupenda kwa sababu unaanza na ombi. Unamchukulia kila aliyeko ufuoni kuwa mtu wa kusemezana naye. Nasikia harufu ya nyumbani ndani yake: uliye uchi unaambiwa kuna mtu anapita, anayepita anaambiwa angoje, na wote wawili wanaondoka na heshima zao.

Sasa nisieleweke vibaya. Siombi Black's Beach ijengwe kwenye fuo zetu za Kisumu, Dunga au Hippo Point. Wanaume na wanawake kukaa pamoja bila nguo si desturi ya watu wa hapa, na watu wa imani zetu, Wakristo na Waislamu, hawakuombwa maoni ili mtu mmoja aliyesomea ng'ambo aje awaamulie. Kule Brighton, Uingereza, walipata ufuo wao rasmi mwaka 1980, na Haulover kule Florida watu wamekuwa wakioga bila nguo tangu 1991. Ni mambo yao na wanayamudu. Ninachodai ni kidogo zaidi na ni cha haraka zaidi: mama wa omena apewe ulinzi ule ule ambao mtu aliye likizoni California anaupata bila kuuomba.

Na anauhitaji zaidi, maana kuna tofauti kubwa kati yao. Yule wa California ana bafu nyumbani, maji moto na baridi, na amekuja ufuoni kwa kupenda. Wengi wanaooga ziwani kwetu wanaoga pale kwa sababu mfereji wa mtaa umekauka, au jerikeni la maji linauzwa bei ambayo siku hiyo hawana, au bafu la ploti ni la familia nane na mlango wake ni gunia. Anayemrekodi, mara nyingi, ametoka nyumba yenye shawa. Ndiyo maana ile "Kwani hawana bafu?" ilinichoma. Jibu ni kwamba ndiyo, hawana, na hilo linapaswa kutuudhi kuliko mgongo wa mtu uliolowa maji.

Kuna jambo la zamani hapa pia. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na haukupita muda picha za watu wa "Kavirondo", kama wakoloni walivyotuita watu wa upande huu wa ziwa, wakiwa uchi zikawa zinachapwa kwenye kadi za posta na kuuzwa Ulaya. Watazamaji wa kadi zile hawakuambiwa kwamba mwanamke aliyeolewa alivaa chieno, kile kishada cha nyuzi nyuma ya kiuno, na kwamba kila aliyemwona alijua amheshimu vipi. Walichouziwa ni mwili tu. Heshima iliyokuwa imeuzunguka ilibaki huku ziwani, haikuingia kwenye picha. Nikiona leo kijana wa Kisumu, mjukuu wa waliopigwa picha zile, akifanya biashara ile ile kwa simu yake ili apate wafuasi, nasikia uchungu wa kweli. Aliyekuja na kamera mwaka 1901 hakuijua desturi yetu. Huyu anaijua.

Anajua pia uzito wa uchi wa mama. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na mwanaharakati Wangari Maathai pale Uhuru Park, Nairobi, walivua nguo zao mbele ya polisi waliokuja kuwapiga. Mkenya yeyote aliyesikia habari ile alielewa bila kufafanuliwa. Kuutazama uchi wa mama yako ni jambo zito, na mama akikuvulia kwa makusudi amekulaani. Jamii inayoamini hivyo haiwezi kugeuza mwili wa mama anayeoga kuwa kichekesho cha Jumapili kwenye simu.

Sheria yenyewe haiko upande wa mpiga picha. Mwaka 2014, baada ya wanawake kuvuliwa nguo na wahuni kwenye vituo vya matatu Nairobi na watu kuandamana, Bunge liliongeza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo na kumdhalilisha. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 nayo inaharamisha kusambaza picha za faragha za mtu mwingine, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Haisemi picha ziwe za tajiri, wala haisemi ziwe zimepigwa ndani ya nyumba yenye kuta. Ningependa kuona mawakili wetu wa Kisumu wakiipeleka mahakamani kwa niaba ya mwanamke mmoja aliyerekodiwa akioga.

Wengine wanaopinga wananiambia dawa ni kupiga marufuku kuoga ziwani, na wanataja kichocho. Kichocho ni hoja nzito na siikwepi. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa majini na kumwingia mtu kupitia ngozi, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kuelekea saa sita mchana. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye mimea. Hapo ndipo ugumu ulipo: mafunjo yanayomficha mwanamke ndiyo yanayofuga konokono. Akitaka usalama wa mwili wake itabidi aoge peupe, akitaka stara aingie kwenye ugonjwa. Kumpiga marufuku hakumpi kimoja wala kingine. Atakuja usiku tu, na kwenye bichi ambayo viboko hupanda kula majani usiku, ushauri huo unaweza kumuua.

Kinachowezekana si kikubwa. Kamati za usimamizi wa bichi, hizi tunazoziita BMU, zimekuwa na mamlaka ya kisheria tangu 2007, na nyingi zinatoza ada kwa kila boti inayotua. Sehemu ya fedha hizo inatosha mabati na nguzo za uzio upande wa wanawake, mafunjo yaliyo ndani yakatwe, na pakipatikana bomba la maji ya kisima, basi mtu ataoga bila hata kukanyaga ziwa. Dawa ya kichocho, praziquantel, ipo, na kaunti imezoea kuipeleka shuleni. Ipelekwe na bichini kwa wanaoanika omena, kwa sababu wao wako majini kila siku.

Lakini mabati huchukua muda, na mambo ya boti yanaweza kubadilika kesho asubuhi. Manahodha wa boti za kutembeza watu wanaujua ufuo kwa macho yaliyofumbwa, wanajua wanawake huoga wapi na saa ngapi. Kuanzia saa kumi hadi saa moja jioni wapite mbali na upande huo, na kabla hawajang'oa nanga wamwambie abiria kwamba wanaooga hawapigwi picha, kama wanavyomwambia avae jaketi la kuokolea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekuja kumwaibisha mwenyeji wake na kumtangaza hajaleta kupona kokote, hata kama ameacha noti kwenye boti. Abiria akikaidi, nahodha ageuze boti arudi gatini. Nimezungumza na wawili wanaofanya kazi hiyo na wote wamekubali, ila mmoja ameniambia atakubali kwa moyo mmoja pale tu boti zote zitakapofungwa na kanuni hiyo, asije akapoteza wateja kwa mwenzake asiyejali. Ana haki. Kanuni hiyo iandikwe kwenye leseni ya bichi, nahodha anayeivunja asimamishwe, na mwenyekiti wa kamati asingoje video nyingine ndipo aitishe kikao.