Mistari "iliyoondolewa" kwenye Biblia: nani alipunguza, nani aliongeza?

Kila baada ya muda husambaa WhatsApp orodha ya mistari: Mathayo 17:21, Matendo 8:37, 1 Yohana 5:7. Mtumaji anaonya kwamba tafsiri mpya zimepunguza Neno la Mungu, na msomaji akifungua tafsiri yake huenda akakuta kweli namba imerukwa, au maneno yametiwa kwenye mabano. Hofu hiyo inatokana na kuyapenda Maandiko, na haifai kudharauliwa. Lakini wanaotuhumiwa, yaani wataalamu wanaolinganisha nakala za kale, ni nadra kusikilizwa.

Tuchukue 1 Yohana 5:7. Yanayogombaniwa ni maneno kuhusu mashahidi watatu walioko mbinguni: Baba, Neno na Roho Mtakatifu. Nakala za mkono za waraka huu kwa Kigiriki zilizosalia ni karibu 500. Zenye maneno hayo ni kama 10 tu, na katika takriban nusu ya hizo yameandikwa pembeni mwa ukurasa kwa mwandiko wa baadaye. Hakuna hata moja iliyoyaweka ndani ya matini yenyewe kabla ya karne ya 14. Kumi kati ya mia tano, tena yaliingia humo kwa kuchelewa mno!

Kuna ushahidi unaonigusa zaidi ya hesabu hiyo. Katika karne ya 4 maaskofu wa Mashariki walibishana vikali juu ya Utatu, tangu Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea mwaka 325 hadi ule wa Konstantinopoli mwaka 381. Athanasio, askofu wa Aleksandria aliyeutetea Utatu, na wenzake walipekua kila mstari ulioweza kuwasaidia, lakini huu hawakuutaja. Mwenye hati ya kiwanja mkononi hawezi kwenda mahakamani akaiacha nyumbani. Na wakaujenga Utatu bila mstari huo, kwa hiyo anayedhani imani itaanguka ukitolewa anahofia jambo ambalo historia imeshalijibu.

Maneno yenyewe yalitokea upande wa Kilatini. Yanaonekana waziwazi Hispania mwishoni mwa karne ya 4. Inaelekea yalianza kama ufafanuzi wa Roho, maji na damu, mashahidi watatu wanaotajwa papo hapo katika waraka. Mnakili anapokuta maneno pembeni mwa ukurasa, anajiuliza: haya ni maoni ya msomaji, au ni sentensi iliyorukwa na mwenzangu akairejesha? Kwa kuogopa kupoteza Neno, anayaingiza. Kwa hiyo uchaji uleule unaomfanya muumini wa leo alalamike ndio uliorefusha matini.

Erasmus, msomi Mholanzi, hakuyaweka katika Agano Jipya lake la Kigiriki la 1516, wala la 1519. Akashambuliwa. Ilipopatikana Uingereza nakala yenye maneno hayo, iliyoandikwa karne hiyohiyo ya 16, akayaingiza katika toleo la 1522. Kutoka hapo yakafika hadi tafsiri ya Kiingereza ya King James ya 1611.

Wanaolalamika kwamba mistari imeondolewa wana hoja nzito zaidi kwingineko. Kuhusu yule mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, Yohana 8, Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, alidai kuna watu walioiondoa habari hiyo wakihofia wake zao wangepata kisingizio. Kupunguza, basi, kunawezekana. Hata hivyo P66 na P75, nakala za Yohana zilizoandikwa kwenye mafunjo takriban karne ya 3, hayana habari hiyo, na kundi moja la nakala linaiweka katika Luka, baada ya 21:38. Naiona kama kumbukumbu ya kale iliyopendwa na watu, ikatafutiwa mahali pa kukaa. Ichapishwe, ila na maelezo yake.

Kuhusu Marko 16:9-20, wanaoitetea wana Ireneo, askofu wa karne ya 2, aliyenukuu mstari wa 19 mnamo mwaka 180, zaidi ya karne moja kabla ya kodeksi (vitabu vya kale vya mkono) za Sinai na Vatikani zinazoishia mstari wa 8. Mistari hiyo ni mizee kweli. Lakini soma wa 9: Maria Magdalene anatambulishwa kuwa ndiye aliyetolewa pepo saba, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia, ilhali Marko ameshamtaja mara tatu katika 15:40, 15:47 na 16:1. Uzee wake haunizuii kuona hapo mkono wa mtu mwingine.