Sura ya tano ya Nehemia tusiiruke

Kanisa likianza kujenga, Nehemia hachelewi kuhubiriwa. Tutasikia habari za mnyweshaji huyo wa mfalme Artashasta wa Uajemi aliyekaa chini akalia alipoambiwa kuwa ukuta wa Yerusalemu umebomolewa na malango yake yameteketezwa kwa moto. Tutasikia alivyouzunguka mji usiku na watu wachache, Tobia alivyodhihaki kwamba hata mbweha akiupanda ukuta ule utaanguka, na wajenzi walivyofanya kazi kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika silaha. Halafu siku 52, na kazi imekwisha. Baada ya hapo bahasha zinapita.

Ukifuatilia mahubiri hayo utaona mara nyingi yanatoka sura ya nne yakatua sura ya sita. Sura ya tano inarukwa, kwa kuwa haina jiwe hata moja linalopandishwa. Ina kilio tu, kilio cha watu na wake zao dhidi ya ndugu zao wenyewe. Naamini kilio hicho hakikuwekwa katikati ya ujenzi kwa bahati mbaya. Anayetaka kujua ukuta wa mji ulikuwa na maana gani kwa watu wa Biblia aanzie hapo.

Miji ya nyakati zile ilikuwa midogo kuliko tunavyoiwazia. Yerusalemu ambayo Daudi aliiteka ilikuwa kilima chembamba cha karibu hekta tano. Watu wengi waliishi nje, vijijini, karibu na mashamba na mifugo yao. Ukuta ulikuwa wao pia, lakini kwa siku ya hatari tu. Nabii Yeremia anaeleza hali hiyo katika sura yake ya nne: tarumbeta inapigwa katika nchi, watu wanaitana wakusanyike waingie katika miji yenye maboma. Yaani unaacha nyumba, unaacha shamba, unabeba watoto na unachoweza, unakimbilia lango kabla halijafungwa. Ukitoka baada ya vita, kama umetoka hai, unakuta adui amekula ulichopanda.

Wengine waliishi ndani ya ukuta wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa Rahabu wa Yeriko, ambaye nyumba yake, kitabu cha Yoshua kinasema, ilikuwa katika ukuta wa mji. Jambo hilo halina ajabu. Miji kadhaa iliyofukuliwa, Beersheba mmojawapo, ilikuwa na kuta mbili zilizokwenda sambamba na vyumba katikati yake. Wakati wa amani watu walikaa humo na kuweka akiba zao.

Sheria yenyewe ilijua kwamba ukuta unawagawa watu. Soma Walawi 25. Mtu akiuza nyumba iliyo ndani ya mji wenye kuta, ana mwaka mmoja wa kuikomboa. Mwaka ukipita, nyumba ni ya mnunuzi milele, hata Yubile, mwaka wa hamsini ambao ardhi iliyouzwa inarudi kwa mwenyewe, haiirudishi. Lakini nyumba ya kijiji kisicho na ukuta inahesabiwa pamoja na shamba: inakombolewa, na Yubile ikifika inamrudia mwenyewe. Nikisoma aya hizo naona sheria inayomlinda mkulima pale ambapo mawe hayakumlinda. Aliye nje hana ukuta, basi amepewa Yubile. Walawi nao walipewa haki ya kuzikomboa nyumba zao za mijini wakati wowote, kwa kuwa nyumba hizo ndizo zilizokuwa milki yao kati ya Waisraeli.

Na ukuta ulikuwa na gharama, sehemu yake ikilipwa na walioishi karibu nao. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Nahman Avigad alifukua katika Mji wa Kale wa Yerusalemu kipande cha ukuta chenye unene wa mita saba hivi, ambacho wataalamu wengi wanakihusisha na mfalme Hezekia alipojiandaa kumkabili Senakeribu wa Ashuru. Chini yake kulikuwa na mabaki ya nyumba za watu. Ukuta ulipitishwa juu ya nyumba. Isaya aliyaona mambo kama hayo kwa macho yake, akayasema katika sura ya 22: mlizihesabu nyumba za Yerusalemu, mkazibomoa ili kuuimarisha ukuta. Isaya hasemi kwamba ukuta haukuhitajika. Anachowalaumu ni kwamba walitazama silaha, maji na mawe, wasimtazame Mungu aliyeyafanya hayo. Mimi namfikiria pia mama aliyeambiwa nyumba yake imo katika hesabu ile.

Mwaka 701 KK Senakeribu alifika. Katika kumbukumbu zake alijisifu kuwa ameteka miji 46 yenye kuta, na kwamba alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege katika tundu. Lakishi, ngome kubwa ya Yuda, ilianguka. Tuta la udongo na mawe ambalo Waashuru walilipandisha hadi kwenye ukuta wake lingalipo hadi leo, na michoro ya mawe ya vita hivyo, iliyotoka kwenye jumba la Senakeribu kule Ninawi, imehifadhiwa London. Inaonyesha familia zikitoka mjini na mizigo yao kwenda uhamishoni. Yerusalemu ilipona safari ile. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mbele ya Nebukadreza wa Babeli, haikupona, na kabla ukuta haujatobolewa njaa ilikuwa imeshaushinda mji. Mji ukizingirwa na adui, ndivyo ilivyokuwa: ukuta uleule unaomzuia adui kuingia unakuzuia wewe kutoka kwenda kutafuta chakula.

Lakini mahali palipobeba maisha ya kila siku ni lango. Huko ndiko mji ulikofanyia mambo yake yote. Boazi alipotaka kumaliza suala la Ruthu na shamba la Naomi alikwenda langoni, akaketi, akawaita wazee kumi wakaketi pia. Huko Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, benchi la mawe bado lipo kwenye eneo la lango. Absalomu alipotaka kuiba mioyo ya watu alisimama kando ya njia ya lango asubuhi na mapema, akimwita kila mwenye kesi. Ndiyo sababu nabii Amosi, mchunga mifugo wa Tekoa, anapolia kwamba wahitaji wanageuzwa langoni wasipate haki yao, anazungumzia mahakama. Mithali nayo inaonya usimdhulumu mnyonge langoni. Ukuta unaweza kuwa mzima pande zote, na mji ukawa umeshabomokea pale penye lango, kwenye kiti cha hakimu.

Sasa turudi kwa Nehemia, mwaka 445 KK. Orodha ya wajenzi katika sura ya tatu huwachosha wasomaji wengi. Mimi naipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kitabu. Kuna makuhani, mafundi wa dhahabu, watengenezaji wa manukato. Kuna Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Kuna watu wa Yeriko, Gibeoni, Mispa na Zanoa, ambao makao yao hayakuwa Yerusalemu. Na kuna Watekoa, watu wa kijiji cha Amosi. Wakuu wao walikataa kutia shingo zao katika kazi. Watu wa kawaida wakajenga sehemu yao, kisha aya ya 27 inasema wakajenga na sehemu ya pili.

Kazi ilimalizika tarehe 25 ya mwezi Eluli, mwezi unaoangukia kati ya Agosti na Septemba. Hesabu siku 52 kurudi nyuma, uko katika majira ya zabibu na tini. Wanaume wako ukutani, na sura ya nne inasema waliagizwa walale Yerusalemu, usiku walinzi, mchana wafanyakazi. Shambani kuna nani? Katika hali hiyo ndipo kilio cha sura ya tano kinapasuka. Wengine wanasema tuko wengi, tupewe nafaka tuishi. Wengine wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate chakula wakati wa njaa. Wengine wamekopa fedha walipe kodi ya mfalme, na baadhi ya binti zao wameshatiwa utumwani. Aliyewakopesha si Sanbalati wala Tobia, wapinzani wa ujenzi. Ni ndugu yao, Myahudi mwenzao, ambaye ukuta huu utamlinda yeye na ghala lake.

Nehemia alikasirika sana. Akaitisha kusanyiko kubwa kuwakabili wakuu, akawaambia: sisi tumewakomboa ndugu zetu waliouzwa kwa mataifa, nanyi mnawauza tena? Wakanyamaza, hawakuwa na neno. Akakiri kwamba yeye mwenyewe na watu wake walikuwa wanakopesha. Kisha akadai mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba virudishwe leo hii, pamoja na sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakitoza. Akawaapisha mbele ya makuhani. Naye katika miaka 12 ya uliwali wake hakula posho ya liwali, kwa sababu, anasema, utumwa ulikuwa mzito juu ya watu hawa.

Hilo ndilo ninalolitaka madhabahuni. Muumini anayeombwa mchango wa ukuta wa kanisa anaweza kuwa anadaiwa na muumini mwenzake wa benchi la mbele. Mchungaji anayemnukuu Nehemia wa siku 52 asimwache Nehemia wa rehani na riba. Ni mtu mmoja, na ujenzi ni mmoja.

Na ukuta ulipokamilika, sura ya saba inatoa taarifa isiyo na shangwe: mji ni mpana na mkubwa, watu ndani yake ni wachache, nyumba hazijajengwa. Miaka zaidi ya 70 kabla ya hapo, siku za mfalme Dario, nabii Zekaria alikuwa ameona maono ya mtu mwenye kamba ya kupimia Yerusalemu. Akaambiwa mji utakaliwa kama vijiji visivyo na kuta, kwa wingi wa watu na mifugo, na Bwana mwenyewe atakuwa ukuta wa moto kuuzunguka. Zekaria aliona watu wengi mno kwa ukuta wowote. Nehemia alipata ukuta, akakosa watu. Ikabidi kura zipigwe katika nchi, mmoja kati ya kumi ahamie ndani, tisa wabaki katika miji yao, na watu wakawabariki wote waliojitolea kwenda.