Vizibo vimekula msafara

Kama kuna mtu katika Lubumbashi hii anayejua namna ya kutengeneza mchezo mdogo ukabaki mdogo, anitafute komini ya Kenya, nitamnunulia michopo mpaka ashibe. Mie nimetafuta hiyo dawa, sijaiona.

Nina michezo miwili kwenye kompyuta moja, na kompyuta yenyewe ni ya mtumba. Ule mkubwa ni msafara wa Bunkeya, makao ya zamani ya Mwami Msiri. Unaanza ukiwa mpagazi, unabeba chumvi, pembe na misalaba ya shaba, unaizunguka Garenganze yote, ule ufalme wa Msiri, njia moja inakupeleka Angola na nyingine Zanzibar. Kila ninayemsimulia anatikisa kichwa kwa heshima. Lakini Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na kwangu bado hajatoka hata kwao Unyamwezi, maana mpagazi wa kwanza anatembea vizuri, wa pili akimfuata anampanda mgongoni, na wa tatu anaingia ndani ya mwamba na kutokea upande wa pili bila kuulizwa karatasi.

Mdogo ni dama, yaani drafti, ya vizibo. Ile ile ya chini ya mwembe: huyu ana vizibo vya bia ya Simba, yule vya Tembo. Kazi yake ilikuwa moja tu, kunilipia mega za intaneti wakati mkubwa unaiva. Tena kila kitu kilikaa sawa. Godot, programu ya kutengenezea michezo, ni ya bure, Waargentina waliifungulia dunia nzima mwaka 2014, Mungu awape maisha marefu. Google inakutoza dola 25 mara moja uweke michezo yako dukani kwake, basi. Steam, duka la michezo ya kompyuta, inataka dola 100 kwa kila mchezo, kwa hiyo mkubwa ukae kwanza hapo ulipo. Nikatoa vizibo vyangu.

Hata hawakuningoja ninywe chai. Mtu wa Katuba: mbona kizibo hakili kikirudi nyuma? Nikarekebisha. Mtu wa Kamalondo: nani kakuambia kizibo kinakula kikirudi nyuma, wewe ulikulia wapi? Nikaweka kitufe. Mwingine akadai mfalme lazima avuke ubao mzima kwa mruko mmoja, mwenzake akasema hapana, hatua moja, mfalme si panzi. Kitufe. Mmoja ubao wake una nyumba 64, mwingine 100. Kitufe. Sasa hesabu mwenyewe: vitufe 3 ni michezo 8 ya kujaribu, na katika mmoja kati ya hiyo 8 mfalme anajila mwenyewe. Nawaambia, huo ndio mchezo mdogo!

Tuje kwenye umeme. Kwetu mchana haupo, unakuja usiku wa manane wakati watu wenye akili wamelala. Basi mtaa mzima unaamka. Huyu anapiga pasi, yule pampu yake inakoroma, watoto wanashangilia kama Mazembe imefunga. Betri ikiwa imebaki kidogo nafungua vizibo, maana mkubwa ukishamaliza kufunguka na betri nayo imemaliza. Kwa hiyo mkubwa unangoja umeme. Na friza ya mke wangu, Mama Gloire, nayo inangoja umeme huo huo, na stabilizateri ya kutuliza umeme ni moja. Friza inanguruma, taa nyekundu inawaka, tak! Mpagazi wangu amekufa kabla sijamhifadhi.

"Mama Gloire, niachie nusu saa tu."

"Papa Gloire, hizi sashe zisipoganda, asubuhi watoto wa shule watanunua nini, wapagazi?"

Anauza maji ya baridi na juisi ya tangawizi kwenye hivyo vifuko. Halafu ana kauli yake moja inayonikosesha usingizi kuliko huo umeme: "Mie nikifunga sashe, imefungwa. Hakuna anayerudi kuniambia niweke kitufe."

Nikamwelezea habari za Eric Barone, Mmarekani aliyeutengeneza mchezo wa Stardew Valley peke yake, miaka 4 na nusu, ukatoka mwaka 2016 na umaskini ukaishia hapo. Akauliza: miaka yote hiyo alikuwa anakula nini? Nikasema alikuwa na kibarua cha kupokea watu kwenye jumba la maonyesho, na mchumba wake naye alikuwa anamsaidia.

"Aa, mchumba," akasema, na mlango wa friza ukafungwa kwa nguvu.

Shemeji yangu, mdogo wake, anampenda zaidi yule Mvietnamu, Dong Nguyen. Flappy Bird, mwaka 2013, kindege kinapita katikati ya mabomba, kazi ya siku chache tu. Pesa za matangazo zikamwagika, na Februari 2014 mwenyewe akauondoa kwa kuchoshwa na kelele. Shemeji hajamsamehe mpaka leo. "Si angeniachia mimi!" Haya, niambieni, kati ya hao wawili nimfuate yupi? Mmoja alikuwa na mchumba mwenye subira, mwingine alizikimbia pesa. Na kwa ninavyojua mimi, hakuna aliyekuwa na shemeji.

Maana wangu, Jumapili, tukiwa tunangoja kula bukari na sombe, kachukua simu yangu, kacheza vizibo, kashinda, kisha akasema hivi, bila hata kuinua macho: "Shemeji, kwa nini usitoe vizibo ukaweka wapagazi wako? Hawa wa chumvi, hawa wa shaba. Ubao ndio njia ya Bunkeya. Huo msafara ungekuwa umeshafika."

Kilichoniuma ni kwamba wazo lilikuwa zuri. Nikapiga hesabu ya siku mbili tu: ubao upo, sheria zipo, vitufe ndiyo usiseme. Ila mpagazi hawezi kuteleza kama kizibo, lazima atembee. Akitembea, achoke. Akichoka, ale. Akila, chakula kitoke sokoni, na soko lazima liwe na bei, na bei ya chumvi ya Bunkeya haiwezi kuwa sawa na ya njiani... Bukari ilipofika nilikuwa nimeshaomba kalamu ya Gloire.

"Hongera," Mama Gloire akasema, akinisogezea maji ya kunawa. "Sasa iko mitatu."