Kupigiwa Mara Ishirini

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye singo, shughuli ya kumsinga bi harusi, Mkunazini, Unguja. Bi harusi kakaa mkekani, kapakwa liwa hadi kisogoni, na somo wake, bibi wa watu mwenye heshima zake, akashika zamu ya nasaha. "Mumeo akikupigia simu mara ishirini kwa siku, mshukuru Mungu mwanangu. Kuna wenzio hawapigiwi hata moja." Vigelegele. Na mie nikapiga, sifichi. Kisha nikatoka uani nikajifanya nakunywa maji.

Mie nishapigiwa na mume wangu mara thelathini na nane. Nilikuwa msibani kwa shangazi yangu, Jang'ombe, watu wanasoma khitma, simu imo mkobani. Nilipoitoa, ujumbe wa kwanza ulisema "nakupenda", wa katikati "uko na nani", wa mwisho "nishakujua, we shetani, usirudi". Nikarudi. Asubuhi yake akaniletea boflo na mbaazi za nazi kitandani, analia. Baina ya laasiri na alfajiri nilikuwa malaika, nikawa shetani, nikawa malaika tena, na kazi yangu yote ilikuwa kukaa na wafiwa.

Kwao walisema ana jini mahaba. Kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, tukanywa, sote wawili, maana niliambiwa huenda jini amenihamia na mie. Dua sina ugomvi nayo. Lakini sahani ya kombe yenyewe aliivunja wiki ile ile, kwa sababu nilichelewa kutoka msalani.

Daktari wa Dar es Salaam ndiye aliyetusomea orodha: dalili tisa, zikitimia tano wanaita bodalaini, maradhi ya nafsi. Kuogopa kuachwa kupita kiasi. Kumpandisha mtu mbinguni na kumtupa chini. Utupu wa moyo. Hasira. Kujidhuru. Mwenzangu aliinamisha kichwa akasema, "Nyingi ni mie." Nilimpenda sana siku ile.

Haya, nikiri basi. Hakuwa akiigiza, yakimuuma kweli. Na si kila mwenye bodalaini humtesa mwenzake. Wako wanaojimaliza wenyewe tu kimya kimya. Tiba ipo. Marsha Linehan, yule mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba inayosifiwa kuliko zote kwa maradhi haya, mwaka 2011 alisimama mbele za watu akasema na yeye aliwahi kulazwa kwa kujidhuru, akiwa msichana wa miaka 17. Wengi hupata nafuu miaka ikienda. Nimeyasema, nisirejeshwe tena huko.

Kinachoniudhi ni kwamba kila mtu huniuliza dalili zake. Hakuna anayeniuliza zangu.

Zangu zilianza na uongo mdogo mdogo. Niko Darajani nachagua kitambaa, nasema niko kwa mama. Binamu yangu nikamwandika kwenye simu kwa jina la fundi cherehani wa kike. Sikukuu mbili mfululizo sikwenda kwetu, nikasingizia homa. Nikawa bingwa wa kusikiliza vespa: akiizima ghafla mlangoni, usiku umeharibika; akiiacha ikanguruma kidogo, tutakula. Nikijua hali yake kabla hajavua viatu, na mie mwenyewe ukiniuliza nina njaa au sina, sina jawabu. Nilikuwa nawaomba radhi watu dukani kwa kunikanyaga! Huo ndio ugonjwa wa nyumba ile ambao hakuna daktari aliyeuandika popote, na ningeutazama mapema ningejua mambo yamefika wapi, hata kabla ya kulisikia hilo neno bodalaini.

"Vumilia, nyumba ni kusitiriana." Tukisitiri nini, vigae? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata nilikuwa nishapasuka.

Nilipotaka kuondoka alisema atajiua. Hili halichezewi, wala usimwambie mtu kuwa anatishia tu. Nikawapigia kaka zake. Wakaja usiku ule ule, wakakesha naye, wakampeleka hospitali. Nikawahesabu barazani: wanaume watano na mama yao. Miaka minne nilikuwa nakesha peke yangu, na watu wote hao wako umbali wa daladala moja.

Anaendelea na tiba. Nasikia hajambo. Nafurahi, kwa mbali.

Niliporudi ndani kutoka uani, nasaha zilikuwa zishakwisha, wanawake wamehamia kwenye chai na visheti. Simu ya bi harusi ilikuwa imelazwa kifudifudi mkekani, inatetemeka. Akaitazama, akaiacha. Ikaanza tena. Mara ya tatu akaichukua kwa ncha za vidole, asiipake liwa, akageukia ukutani.

"Nakuja," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa naongea na mama."

Mama yake yuko Wete. Meli ya kumleta ilikuwa ya kesho yake.